Tambi za mboga juu ya sigiri
Karai langu ni lile la mandazi. Wachina nao hukaangia tambi kwenye karai lililozama katikati kama langu, basi sikuona sababu ya kununua jingine.

Hapa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, tambi si chakula kigeni. Jirani yangu Msomali huziita baasto, jina lililobaki kwao tangu enzi za Waitalia. Zile za pakiti za kuiva papo hapo zilibuniwa Japani na Momofuku Ando mwaka 1958, mwaka uleule ilipoanzishwa Nakivale. Wanangu huzitafuna mbichi njiani kutoka dukani.

Kabeji, karoti, hoho na vitunguu nanunua Endiinzi. Hoho zikikosekana natia dodo, yaani mchicha, ambao kwetu Kivu ni lengalenga. Sosi ya soya ndiyo ya kuagiza kwa anayekwenda Mbarara. Chupa hukaa miezi, maana vijiko viwili vinatosha sufuria nzima. Ina chumvi tayari, onja kwanza.

Mara ya kwanza nilipata supu. Nilimwaga mboga zote pamoja, nikafunika, kwa mazoea ya sombe, yaani kisamvu. Kabeji ni maji matupu: ukijaza karai, maji yanatoka upesi kuliko moto unavyoweza kuyakausha, na penye maji hakuna kukaanga, ni kuchemsha tu. Siku hizi naziosha mapema zikauke, nazikata nyembamba, nangoja makaa yawe mekundu kabisa. Mafuta yakichemka natia karoti, kisha kabeji, hoho mwisho, kiganja kwa kiganja, bila kifuniko, mkono haupumziki. Dakika tano, sita. Kwa bei ya makaa, hilo nalo si dogo.

Tambi nazichemsha na kuziepua zingali na kiini kigumu, nazisuuza kwa maji baridi kuondoa ule utelezi unaozigandisha, nazipaka mafuta kidogo.

"Dada, baasto haioshwi!" jirani alishtuka.

Nikamwambia yake inangoja mchuzi, na mchuzi unahitaji kushika. Yangu inarudi motoni, ikiwa na gundi itakuwa donge.

Nilipompakulia alionja, akanyamaza, akaonja tena. Kisha akamtuma mwanawe mbio nyumbani alete ndizi mbivu. Kwao baasto hailiwi bila ndizi, na hapa wilayani Isingiro ndizi hazijawahi kuwa tatizo.