Mashine za kuchonga kwa kompyuta: kwa nini mota hupoteza hatua zake

Fundi anayejiundia mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta hukutana mapema na mkasa mmoja. Mashine hufanya kazi saa nzima bila kulalamika, lakini kibao kinapoondolewa, herufi za nusu ya pili zimesogea milimita 4 kando ya mahali pake. Hakuna kilichovunjika, wala kompyuta haikutoa onyo lolote. Ubao, hata hivyo, haufai tena.

Kwa karakana ndogo ya Buyenzi au Kamenge mjini Bujumbura, hasara hiyo si ya ubao pekee. Visu vidogo vya kuchongea huagizwa kutoka nje ya nchi, na kisu kilichosukumwa mahali pasipotarajiwa hukatika kwa urahisi. Mara nyingi mota yenyewe ni nzima. Kosa limo katika amri ya mwendo: mashine imetakiwa kuongeza kasi upesi kuliko inavyoweza, na ongezeko hilo la kasi ndilo wanafizikia huliita mchapuko.

Mota isiyojua ilipo

Mota za mashine hizi huitwa mota za hatua. Hazizunguki mfululizo kama mota ya feni, bali kila mpigo wa umeme huisogeza mota hatua moja. Iliyo ya kawaida hupiga hatua 200 ili kukamilisha mzunguko mmoja, yaani nyuzi 1.8 kwa kila hatua. Wanaofungua printa kuukuu huzikuta humo, na wapo wanaoanzia hapo hapo kuunda mashine yao ya kwanza.

Uzuri wake ni kwamba kompyuta haihitaji macho: huhesabu mipigo iliyotuma na kuamini kwamba meza imefika. Lakini hiyo ni imani tu. Mzigo ukizidi nguvu ya mota, sumaku zake huteleza, na kwa kawaida haipotei hatua moja bali hatua nne kwa mkupuo. Kwa skrubu inayosogeza meza milimita 8 kila mzunguko, kila mteremko huo ni milimita 0.16, kosa ambalo jicho halilioni. Kosa hilo likirudiwa mara 25, herufi zimeshahama milimita 4.

Mzigo wa ndizi mteremkoni

Anayeijua barabara ya RN1 inayoteremka kutoka Bugarama hadi Bujumbura ameshawaona waendesha baiskeli waliosheheni ndizi. Mwenye mzigo hawezi kuondoka kwa kasi kama mwenye baiskeli tupu, na anayesubiri kufika kwenye kona ndipo ashike breki amekwisha kuchelewa. Meza ya mashine nayo ina uzito wake, na haikubali kuanza wala kusimama ghafla.

Chukulia mashine yenye skrubu tuliyoitaja, ambayo saketi yake imegawanya kila hatua ya mota mara 8. Hapo kila milimita moja huhitaji mipigo 200. Fundi akiagiza kasi ya milimita 3,000 kwa dakika, sawa na 50 kwa sekunde, kompyuta hutakiwa kutuma mipigo 10,000 kila sekunde. Ikianza na mipigo hiyo papo hapo, mota itatoa mlio mkali na kutetemeka pale ilipo. Lakini ikipewa mchapuko wa milimita 100 kwa sekunde katika kila sekunde, itaifikia kasi hiyo baada ya nusu sekunde, ikiwa imesafiri milimita 12.5. Itahitaji milimita 12.5 nyingine ili isimame.

Hapa ndipo wengi hujidanganya. Herufi za kibao cha duka kwa kawaida hazina mistari ya milimita 25. Katika mstari wa milimita 10, mashine hiyo hufikia takriban milimita 32 kwa sekunde katikati ya safari, kisha hulazimika kupunguza mwendo. Kuandika kasi ya juu ya 6,000 badala ya 3,000 hakutaokoa hata nukta moja ya muda. Katika kazi ya nakshi, kinachoamua kama kibao kitakamilika kabla ya adhuhuri ni mchapuko.

Mchapuko nao una mpaka. Mbali na uzito wa meza, mota hupungukiwa nguvu kadiri inavyozunguka upesi, kwa sababu kila koili huhitaji muda mfupi ili ijae umeme, na mipigo ikikaribiana mno zamu yake hupita kabla haijajaa. Ndiyo maana mashine ile ile huwa na nguvu zaidi katika mwendo wa kasi ikilishwa volti 24 badala ya 12, mradi saketi yake imeundwa kustahimili volti hizo.

Hesabu iliyorahisishwa

Kupanga mipigo si kazi nyepesi. Mchapuko ukibaki ule ule, muda wa kufikia kila hatua hufuata kipeuo cha pili cha idadi ya hatua: hatua ya kwanza ikichukua sehemu 100 za muda, ya pili huchukua 41, ya tatu 32, ya nne 27. Kichakato kidogo huchelewa kikitafuta vipeuo maelfu ya mara kwa sekunde. Mwaka 2005 mhandisi David Austin alichapisha njia ya kupata kila nafasi kutokana na ile iliyotangulia, kwa hesabu za kawaida za kutoa na kugawanya.

Miaka minne baadaye, Mnorwe Simen Svale Skogseth alianzisha Grbl, programu inayotolewa bure na kuendeshwa na Arduino Uno, kibao cha saketi chenye kichakato cha megahezi 16. Grbl hufanya lile ambalo mwendesha baiskeli hulifanya kwa jicho: husoma amri kadhaa zilizo mbele, na kama kona ni kali hupunguza mwendo kabla ya kuifikia. Bila hivyo, duara linalochorwa kwa vimistari vingi vifupi lingesimama mwishoni mwa kila kimstari.

Kuutafuta mpaka wa mashine

Katika Grbl, mchapuko wa mihimili mitatu huandikwa kwenye namba $120, $121 na $122. Wanaoanza huachiwa kiwango cha milimita 10 tu kwa sekunde katika kila sekunde, ambacho ni cha tahadhari mno. Njia iliyozoeleka ni kukipandisha kidogo kidogo, mhimili mmoja baada ya mwingine, kisu kikiwa juu ya ubao bila kuugusa. Meza hupelekwa na kurudishwa mara nyingi, kisha fundi huangalia kama imerejea kwenye alama ileile ya penseli. Ikikwama au kuikosa alama, mpaka umevukwa, na kiwango hushushwa kwa asilimia 10 hadi 20. Mhimili unaoinua kisu huhitaji kiwango cha chini zaidi, kwani hupambana pia na uzito wa mota ya kisu. Jaribio hilo lifanywe kwa mzigo halisi, maana meza tupu husema uongo.

Tahadhari hizo hazisaidii umeme unapokatika, jambo lisilo geni Bujumbura. Mota huachia, na hesabu yote ya mipigo hupotea. Dawa yake ni swichi ndogo mwishoni mwa kila mhimili: umeme ukirudi, mashine huenda kuzigusa na kuanza kuhesabu upya kutoka hapo. Umbali kati ya swichi hizo na kona ya ubao, kama fundi aliuingiza kabla ya kuanza, Grbl huwa imeuhifadhi. Anachobaki nacho ni kutafuta mstari wa amri ambapo kazi ilikatikia, kurudi nyuma mistari michache, na kuendelea.