Utangulizi: Jiwe Lililozaliwa Baharini

Mwanafunzi wa Kitale au Bungoma ana haki ya kuuliza: bahari iko mbali, chokaa ya baharini inanihusu nini? Aanzie shambani. Udongo ukizidi asidi, mkulima wa mahindi huutia unga wa chokaa, na unga huo ulikuwa jiwe. Dondoshea jiwe la namna hiyo tone la asidi hafifu, litatoa povu. La Koru hutoa povu. Marumaru ya Sebit, kando ya barabara ya Kitale kwenda Lodwar, hutoa povu. Mawe ya Kambe, kule Kilifi, vilevile. Hata hivyo hawa si ndugu wa tumbo moja. La Koru lilitoka kwenye volkeno. La Kambe lilijengeka baharini yapata miaka milioni 170 iliyopita, enzi ya Jura. Povu hutaja madini ya jiwe, halitaji kwao.

Kwao hutajwa na punje. Mchanga wa mto huweza kutoka mbali, lakini chembe nyingi za chokaa ya baharini hutengenezwa na viumbe palepale au jirani. Kata kipande, kinoe hadi unene wa milimita 0.03, kiweke chini ya hadubini. Mwamba wa matumbawe unakwambia maji yalikuwa ya vuguvugu, ya kina kifupi, yenye mwanga wa jua. Vijipunje mithili ya mayai ya samaki, vyenye maganda kama kitunguu, vilibingirishwa na mawimbi. Tope laini kati ya makombe linasema maji yalitulia. Mkondo wenye nguvu ungelizoa. Mwaka 1962 Robert Dunham aliupanga usomaji huu kwa swali jepesi: jiwe limeshikiliwa na tope, au na punje zinazogusana?

Sebit ndiyo mtihani mgumu. Joto na mgandamizo wa ardhini viliigeuza chokaa ya kale kuwa fuwele, maumbo ya awali yakafutika. Hapo tunawahoji majirani: kwatzaiti iliyokuwa mchanga, shisti iliyokuwa tope. Tunapima pia isotopu za kaboni, ambazo mara nyingi huhimili moto huo.

Karibu, basi. Beba nyundo, kioo cha kukuzia na kichupa cha asidi, ila usikimbilie kukifungua. Kwanza lilowanishe jiwe kwa maji ili punje zijitokeze, ulisogeze karibu na jicho, usome.