Kasongo: Kabla ya kununua kinga ya umeme, hesabu kwanza kilomita na mahali pa kuchaji

Kila asubuhi kinga zinaingia Kasongo zikiwa zimebeba mchele, mihogo na bidoni za mafuta ya mawese. Mtu anaikanyaga pale barabara inapomruhusu, na kwenye mlima anashuka na kuisukuma. Ndiyo maana video za kinga ya umeme zinazopita kwenye simu zinawavutia vijana na wafanyabiashara wadogo wa Maniema ya kusini: kinga inayopanda mlima bila kuomba essence. Lakini mwenye kutoa akiba ya miaka miwili au mitatu anapaswa kujua mapema kinga hiyo itamfikisha wapi.

Kinga ya umeme ni kinga ya kawaida iliyoongezewa mota na betri. Nyingi zina mota ya wati 250, na betri ya volti 36 na ampea 10 kwa saa, yaani wati 360 kwa saa moja. Mtu mmoja asiye na mzigo, akisaidia kwa pedali kwenye njia tambarare, anaweza kufika kilomita 30 hivi. Akiweka bidoni nne za lita 20 za mawese, anaongeza kilo zaidi ya 70. Kwenye udongo na milima, safari hiyo inaweza kupungua hadi kilomita 15.

Hapo ndipo hesabu inaanza kuuma. Kutoka Kasongo hadi Kabambare ni zaidi ya kilomita 100, na kwenda Kindu ni zaidi ya 200. Betri moja haiwezi. Ikiisha njiani, mwenye kinga anabaki akisukuma chombo chenye kilo 25 au zaidi, mzigo bado haujahesabiwa. Kwa safari hizo ndefu kinga ya zamani ingali na faida, kwa sababu fundi wa kila kijiji anaijua.

Faida ya umeme iko kwenye safari fupi za kila siku: kutoka shambani hadi sokoni, mwalimu kwenda shule ya kijiji cha jirani, muuguzi kwenda kituo cha afya, mama anayefuata bidhaa Kasongo-Rive kwenye mto Lualaba. Ni hivyo pia kwa matembezi ya Jumapili au ya sikukuu ya Idi.

Swali la pili ni kuchaji. Kujaza betri moja kunahitaji umeme wa kujaza simu zaidi ya 20. Pano ya jua ya wati 100 inaweza kuijaza kwa siku moja yenye jua zuri, lakini msimu wa mvua itachukua siku mbili au zaidi. Kwa hiyo, kabla ya kununua, mtu aulize kwenye nyumba ya kuchaji ya mtaani kwake kama pano na vyombo vyao vinatosha, na bei yake itakuwa ngapi kwa mwezi.

Mifano ya majirani inafundisha hayo hayo. Huko Kigali, kampuni ya Ampersand ilipoleta pikipiki za umeme mwaka 2019, ilijenga vituo ambapo dereva anaacha betri iliyoisha na kuchukua iliyojaa. Huko Jinja, Uganda, shirika FABIO linatumia kinga za umeme aina ya AfricroozE, ambazo zinaweza kuvuta kitoroli cha mizigo au cha mgonjwa. Pale pote, mahali pa kuchaji na fundi vilipangwa pamoja na chombo chenyewe.

Katika kuchagua, betri ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Betri ya asidi, kama ya gari, ni rahisi kwa bei lakini ni nzito na inazeeka haraka. Zile za lithiamu ni nyepesi. Kati yake, zenye kobalti, madini yanayotoka zaidi Kolwezi, hupoteza nguvu mapema kuliko zile za chuma na fosfati, ambazo zinaweza kuchajiwa mara 2000 na zaidi. Betri inayotoka kwa ufunguo ni bora, maana inaingia nyumbani wakati kinga inabaki nje.

Mota iliyo ndani ya gurudumu la nyuma inafaa kuliko ile ya kwenye pedali, kwani haichoshi mnyororo. Mipira na breki viwe vya kipimo kinachopatikana sokoni Kasongo. Na kabla ya kulipa, mnunuzi azime mota na kukanyaga: kinga isiyoendeshwa bila umeme isinunuliwe.

Barabarani, mwendeshaji aanze na nguvu ndogo, akanyage pedali wakati wote, na afunge breki mapema kwa sababu uzito ni mwingi. Kinga hii haina sauti, basi apige kengele akipita watoto. Asivuke kijito ambacho maji yanafikia mota. Betri isiachwe juani, isichajiwe karibu na kitanda, wala kwa chaja ya chombo kingine.

Familia ambayo safari zake hazipiti kilomita 15 kwa siku, na yenye pano karibu, inaweza kupata msaada mkubwa. Anayeenda Salamabila au Kindu na mzigo, akiba yake bado ina kazi bora: mipira mipya na mnyororo imara.