Fedha ya Kamari: Ya Askari Mzee au ya Mtoto Mdogo?

Akina mama wenzetu, jioni baridi ya Ufipa inapoanza kuuma, si baba wote wanaoelekea nyumbani. Wapo wanaopitia kwanza kwenye dubwi kutumbukiza sarafu, na wapo vijana wanaoinamia simu wakijaza mikeka ya mpira. Mkeka ukichanika, nyumbani haziji dagaa wala sukari ya uji. Sisi ndio tunaoulizwa na watoto.

Katika michezo hiyo Serikali nayo ina fungu lake. Kampuni hulipa kodi kwa mapato yake, na mshindi hukatwa kodi katika ushindi wake. Je, fedha hiyo imsaidie nani?

Njia ya kuitenga ipo. Mwaka 2021 Serikali iliamua asilimia 5 ya kodi ya kubeti michezo iende Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Mwaka 2023 Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliitaja kodi ya michezo ya kubahatisha miongoni mwa vyanzo vya kuwagharimia wasio na uwezo. Huko Marekani, bahati nasibu ya jimbo la Georgia, iliyoanza mwaka 1993, hulipia madarasa ya watoto wa miaka minne. Jimbo la Texas, tangu mwaka 2009, huuza tiketi maalum za kusaidia askari wastaafu.

Deni la wazee

Wazee wetu waliokwenda vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979 sasa ni babu. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, Taifa huwakumbuka waliokufa. Walio hai wanahitaji dawa na matunzo, na wajane pia. Lakini hilo ni deni. Aliyetumwa na nchi alipwe na nchi kutoka Hazina, kwa hakika. Si heshima mzee angojee vijana wabeti ndipo apate matibabu.

Mtoto hangoji

Mkoa wetu wa Rukwa hulisha wengine mahindi. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa karibu nusu ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Kwa nchi nzima ni kama watatu katika kila kumi. Ugali tunao. Kinachopungua ni maharage, karanga, dagaa na maziwa, pamoja na mtu wa kumlea mtoto wakati mama yuko shambani. Darasa la awali katika shule za Serikali halitozi ada tangu mwaka 2016, lakini uji wa shule mara nyingi hutegemea michango ya wazazi. Asiye na kitu, mtoto wake hutazama wenzake wakinywa.

Kwa hiyo rai yetu ni hii: likitengwa fungu jingine la kodi ya kamari, liende kwa watoto wadogo, wala bajeti yao ya kawaida isipunguzwe. Fedha hiyo ilitoka kwenye chungu chao, irudi humo.

Wapo watakaosema ni fedha chafu. Tunakumbuka katika Mathayo 27 jinsi makuhani walivyokataa kuziweka fedha za Yuda katika hazina ya hekalu. Hata hivyo hawakuzitupa. Walinunua shamba la kuzikia wageni. Sisi tunaomba zinunue uji wa walio hai. Kuzipokea si kuibariki kamari.

Mkutano wa kijiji ukiitishwa, tusikae nyuma. Tuulize habari za uji na darasa la awali. Na jioni ya leo tuzungumze kwa upole na waume na wana wetu. Shilingi isiyoingia kwenye dubwi humfikia mtoto ikiwa nzima, bila kukatwa na mtu.