"Kwa Hiyo Nimejitakia?"

Mwaka jana mama yangu mdogo, anayekaa nyumba ya pili kutoka kwetu hapa Amani, aligusa kijivimbe kwenye titi la kushoto wakati anaoga. Alikaa nacho kimya miezi minne. Habari zilipotoka, kila aliyekuja kumtazama alikuja na sababu yake: eti sidiria ya kubana, eti marashi ya kwapani, eti jicho la mtu. Na mimi, msomi wa mwaka wa pili, nikaja na yangu. Nilimwandikia orodha ndefu ya vyakula vya kuacha. Akaisoma, akaikunja, akaniuliza: "Kwa hiyo mwanangu, nimejitakia?"

Sikuwa na jibu. Ndipo nikaenda kusoma vizuri, na haya ndiyo niliyoyapata.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba karibu nusu ya saratani za matiti huwapata wanawake ambao hawana kihatarishi chochote kinachojulikana, isipokuwa kuwa mwanamke na kuvuka miaka 40. Zinazotokana na kurithi ni kama 5 hadi 10 tu katika kila 100. Wanaume nao huupata, ingawa ni wachache sana. Ama sidiria na marashi, hakuna ushahidi wa kuaminika dhidi yake.

Lakini yapo yaliyo mikononi mwetu. Homoni ya estrojeni huzichochea seli za titi kugawanyika, na kadiri zinavyogawanyika ndivyo nafasi ya kosa inavyoongezeka. Mwanamke akishakoma hedhi, ovari hupunguza sana kuitengeneza, na mafuta ya mwilini ndiyo yanayobaki kiwanda chake kikubwa. Ndiyo maana unene katika umri huo huongeza hatari. Pombe nayo huipandisha, hata ikiwa kidogo. Kunyonyesha, kinyume chake, hukinga: uchambuzi wa tafiti 47 kutoka nchi 30, uliochapishwa mwaka 2002, ulionesha kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari kwa takriban asilimia 4.

Sasa tuje kwetu wanafunzi. Asubuhi chapati na chai ya sukari nyingi, mchana chipsi na soda, jioni urojo, na katikati yake tumekaa tu: kwenye daladala, darasani, kwenye simu. Jamani, urojo hauna saratani ndani yake. Tatizo ni uzito unaojijenga polepole miaka 20 ijayo. Na dawa yake haihitaji duka la watalii: mchicha, kisamvu, maharage, samaki, boga, vyote tumekulia navyo. Mazoezi yanayoshauriwa ni angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa ya kutembea haraka kwa siku tano. Kuuzunguka Uwanja wa Amaan jioni hakuna kiingilio.

Hata hivyo, kupunguza hatari si kuifuta. Avaaye helmeti kwenye bodaboda anaweza kuumia, lakini hatuachi kuivaa, na akiumia hatumsimangi. Mama mdogo hajawahi kuonja pombe, na amenyonyesha watoto watano. Bado yamemfika.

Kilichomgharimu si chakula, ni ile miezi minne. Saratani ikikamatwa mapema hutibika vizuri zaidi. Kwa hiyo mwenzangu, ukiona uvimbe hata usiouma, ngozi iliyobonyea, chuchu iliyoingia ndani ghafla au inayotoa damu, usingoje iume. Vivimbe vingi si saratani, lakini atakayekwambia hivyo awe daktari, si jirani. Nenda Mnazi Mmoja au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Na ukimtembelea mgonjwa, acha sababu zako mlangoni.

Nilirudi kwa mama mdogo siku moja kabla hajapanda boti kwenda Ocean Road, Dar es Salaam, kuanza mionzi. Nikamwambia: "Hapana mama, hukujitakia. Nisamehe kwa ile karatasi."

Akacheka. "Ile? Mbona nilishawashia jiko siku ileile."

Amerudi sasa, bado anahudhuria kliniki. Jioni akijisikia vizuri tunatembea pamoja hadi uwanjani. Mimi ndiye ninayechoka mwanzo.