Bei ya Boti Iliyotelekezwa

Pale Malaba, lori likishachomoka kwenye foleni ya forodha na vumbi lake lote la barabara, dereva hana haja ya kubishana sana kuhusu kuoshwa. Kichwa kina bei yake, trela ina yake, tangi la mafuta lina yake. Kijana wa mashine ya presha hutupa jicho, hutaja bei, wakapatana. Busia mjini mambo ni hayo hayo kwa matatu, Probox na pikipiki.

Tatizo huanza mazoea hayo yanapoteremka hadi Sio Port na Port Victoria, kwenye fuo za Ziwa Victoria katika kaunti hiyo hiyo ya Busia. Mwenye boti ya faiba iliyolala juani kwa miaka humwita fundi, humwonyesha, humuuliza: "Ngapi?" Fundi naye hujibu papo hapo, kama anayetajiwa gari. Hapo mmoja wao ameshapunjwa, na mara nyingi ni fundi. Uchafu unaoonekana ndio sehemu rahisi ya kazi. Kinachokula siku na pesa ni hali ya boti chini ya uchafu huo, na hali hiyo haipimwi kwa macho.

Boti ya faiba huwa na tabaka la nje linaloitwa jelikoti. Ndilo linaloipa rangi na mng'ao, na ndilo linalozuia maji yasifike kwenye nyuzi za ndani. Unene wake ni kama nusu milimita tu. Mji wa Busia uko chini ya digrii moja kaskazini mwa Ikweta, na ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo jua la huko halina huruma. Miale yake huvunjavunja jelikoti hadi uso wake ukawa unga. Pitisha kiganja kwenye ubavu wa boti iliyoachwa wazi nacho kitatoka cheupe kama cha mwalimu aliyefuta ubao. Unga huo si vumbi la barabarani; ni jelikoti yenyewe inayoisha. Kila msasa unaopita huondoa nyingine kidogo, na boti iliyokwisha kukwanguliwa mara mbili na fundi mwenye pupa huenda haina tena cha kung'arishwa.

Kuna nafuu moja ambayo mafundi wa pwani wangeionea wivu. Maji ya ziwa ni baridi, hayana chumvi, kwa hiyo hakuna wale viumbe wenye magamba magumu wanaoganda chini ya vyombo vya baharini. Lamu na Zanzibar, chombo cha mbao hupandishwa pwani kikakwanguliwa, kikakalafatiwa, kikapakwa deheni chini na mafuta ya sifa juu, kazi iliyorithiwa vizazi na vizazi. Ziwani adui ni mwani wa kijani, matope, mizizi ya gugumaji, mafuta ya injini, magamba ya samaki yaliyokaukia sakafuni, na michirizi ya kutu pale bolti zilipolia.

Kazi huanza kwa sabuni na brashi laini. Presha inafaa, lakini ikisogezwa karibu mno husukuma maji ndani ya nyufa na kuongeza ugonjwa. Michirizi ya kutu haiondoki kwa nguvu za mkono. Asidi ya oksaliki ndiyo huiyeyusha, ikipakwa kwa glavu na kusuuzwa vizuri. Haya yote yafanyikie nchi kavu, mbali na mahali watu wanapochota maji. Kanuni za Kenya za ubora wa maji zinataka leseni kabla ya kumwaga maji machafu kwenye mazingira, na maji yanayotoka kwenye boti ya namna hii yana mafuta, rangi na unga wa plastiki.

Boti ikishakauka, fundi hodari huigongagonga kwa mpini wa bisibisi, futi kwa futi. Sauti kali maana yake pazima. Sauti nzito, iliyofifia, ni dalili kwamba tabaka zimeachana au maji yameingia katikati. Hapo kazi si ya kung'arisha tena. Ni matengenezo, na bei yake iandikwe peke yake. Kiraka cha resini nacho kina masharti: hadina, dawa ya kuigandisha, huwa kati ya asilimia 1 na 2 ya resini. Fundi mwenye haraka huizidisha ili kiraka kishike upesi, nacho huchemka, huwa kikavu mno na kupasuka. Hadina ikiruka jichoni inaweza kupofusha. Miwani ya kazi na barakoa ya vumbi ni gharama halali za kuweka kwenye hesabu, ingawa wateja wengi huziona kama mapambo.

Kisha kuna jaribio ambalo halihitaji senti. Lowesha sehemu iliyopauka. Rangi ikirudi ikiwa mbichi na kupotea tena inapokauka, kuna matumaini. Chagua futi moja ya mraba pale palipoungua zaidi, uifanyie kazi yote: msasa wa maji namba 800, kisha 1000, kisha 1500, halafu kompaundi kwa mashine, halafu polishi, mwisho nta. Simu ihesabu dakika. Fundi asiruke kwenda kwenye nta moja kwa moja, maana nta juu ya unga hung'aa wiki mbili na kumtia aibu wiki ya tatu.

Dakika hizo ndizo msingi wa bei. Tuseme boti ina urefu wa futi 20, mbavu mbili na tumbo vikifika futi za mraba 200, na jaribio limekula dakika 12. Hizo ni dakika 2,400, yaani saa 40, au siku tano za mtu mmoja. Ongeza siku ya kuosha, siku ya viraka vidogo na siku ya kumalizia: siku nane. Kwa mfano wa ujira wa shilingi 1,500 kwa siku, ni 12,000. Tukadirie vifaa 9,000 na mafuta ya jenereta 3,000, jumla 24,000. Asilimia 15 ya yasiyotarajiwa huifikisha 27,600, na faida ya asilimia 20 huifanya 33,120. Tarakimu hizi kila fundi atabadilisha kulingana na ufuo wake, lakini hatua hazibadiliki. Anayetaja "elfu nane" kwa kutazama hajashusha bei; amejitolea kufanya kazi bure kwa siku kadhaa.

Mpakani kuna mtego mwingine, sarafu. Mwanzoni mwa mwaka 2024 shilingi moja ya Kenya ilikuwa kama shilingi 24 za Uganda. Kufikia mwisho wa mwaka ilikuwa kama 28. Ile kazi ya 33,120 iliruka kutoka karibu 795,000 hadi zaidi ya 927,000 kwa mteja anayelipa kwa pesa za upande wa pili, bila fundi kuongeza hata senti. Makubaliano yaandike sarafu gani na kwa kiwango cha siku gani.

Na kabla ya yote, mwenye boti aulizwe anaitaka ya nini, kuitumia au kuiuza. Uganda imesisitiza futi 28 kuwa urefu wa chini wa boti ya uvuvi ziwani, na mwaka 2017 wanajeshi wake walianza kulisimamia jambo hilo. Boti ya futi 20 inaweza kung'aa kama sahani mpya, lakini mnunuzi anayetaka kuvulia maji ya Uganda huenda isimfae. Kwa mnunuzi huyo, polishi ya gharama ni pesa zilizotupwa majini.

Boti kutelekezwa si lazima kuwe mwisho wake. Kule Ziwa Tanganyika, meli ya Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913 ikiitwa Graf von Goetzen, ilizamishwa makusudi mwaka 1916. Wahandisi waliizamisha baada ya kupaka injini grisi nzito. Iliibuliwa 1924 na mwaka 1927 ikarudi kazini. Karibu na nyumbani, MV Uhuru ilikaa Kisumu zaidi ya muongo mmoja bila kazi, ikakarabatiwa, na Desemba 2019 ikaanza kupeleka mafuta Port Bell, mafuta ambayo vinginevyo yangepanga foleni ya matangi Malaba. Tofauti ya vyombo hivyo viwili inafaa kutazamwa na kila mwenye boti: kimoja kiliandaliwa kulala, kingine kiliachwa tu, na gharama ya kukiamsha hufuata hilo. Anayejua hataitumia boti yake mwaka mzima aioshe, aipake nta, aigeuze kifudifudi na kuifunika turubai.

Limebaki jambo moja ambalo fundi asilisahau kabla msasa haujagusa ubavu. Boti za uvuvi huandikishwa na kupakwa namba, na msasa huifuta namba hiyo kwa dakika chache. Fundi aipige picha, aone karatasi za mwenye boti, na uongozi wa ufuo, BMU, ujue boti iko kwake. Boti iliyofutwa namba na isiyo na karatasi hufanana mno na boti ya wizi, na atakayehojiwa kwanza ni yule aliyekutwa na mashine mkononi. Malipo nayo yagawanywe: ya vifaa kabla ya kuanza, sehemu ya pili mteja akishaona ile futi moja ya mraba na kuikubali, na ya mwisho namba ikishapakwa upya.