Fahamu: Mabinti wa kazi za nyumbani Kolwezi
Tangu jimbo la Katanga, nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ligawanywe mwaka 2015 na Kolwezi kuwa makao makuu ya jimbo la Lualaba, shaba na kobalti zimeendelea kuvuta familia mjini, na pamoja nazo mabinti wa vijijini ambao huletwa na shangazi au jirani kwa ahadi ya kusomeshwa. Ahadi hiyo ndiyo mkataba pekee, na kwa kuwa binti huitwa mtoto wa ndugu badala ya mfanyakazi, ujira wake, kama upo, mara nyingi hupokelewa na aliyemleta. Kazi huanza alfajiri kwa kuchota maji na kuwasha makaa, hupitia sokoni, na huishia usiku kwa kusonga bukari, yaani ugali, na kuosha vyombo, ambavyo kimoja kikivunjika bei yake huweza kukatwa katika ujira huohuo.

Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 16, na inakataza pia kumsingizia mtoto uchawi, tuhuma inayoweza kumtupa binti barabarani kwa siku moja. Hata hivyo ukaguzi wa kazi, yaani idara ya serikali inayosimamia masharti ya ajira, ni nadra kubisha hodi majumbani, na macho ya dunia, kwa haki kabisa, yameelekezwa kwa watoto wa mashimo ya kobalti. Elimu ya msingi bila ada, iliyotangazwa mwaka 2019, imepunguza uzito wa ahadi ya shangazi. Ada za sekondari zimebaki.